Kiua Kilichopungua

Kibokoni, Mombasa
12 Januari 2025

Mwanangu Zaki,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila goti langu la kushoto limeamua kuzeeka kabla yangu mimi. Mamako anakusalimu na anauliza kama baridi ya Kitale imepungua, au bado unafundisha hesabu ukiwa na sweta. Ami yako Ishaq na mkewe wazima, na wale wasichana wao watatu wamekuwa warefu mpaka natazama juu nikiwagombeza. Babako mzima. Yuko dukani Ndia Kuu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Tangu siku ile ya mwaka juzi tulipoambiana tuliyoambiana nikakukatia, nimejijua: kwenye simu ulimi wangu hauna breki. Kwenye karatasi, neno baya nikiliandika nalifuta kabla hujalisoma. Kwa hiyo usinipigie. Niandikie.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Babako ameanza kuchora kofia ya nyumba. Ndugu yako Fahmi amechumbia, alhamdulillahi, binti wa watu wa Kuze anayeitwa Fadhiya, na harusi ni Agosti. Najua unaijua desturi yetu, lakini miaka miwili ni mingi, na huko uliko sidhani kuna mtu anayevaa kofia ya viua, basi nivumilie nikukumbushe. Akioa mtu wa nyumba hii, babako huchora kofia yake kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, viua elfu mbili mia tano na ishirini, kila kimoja tobo dogo la kuzungushiwa uzi, na kila mwenye kushika sindano hushona fungu lake, sawa kwa sawa, tobo kwa tobo. Bibi harusi naye hupelekewa fungu lake. Likishamfika mkononi, ni wa kwetu, hata kama kadhi bado hajaitwa.

Na nambari ile unaijua ilikotoka. Marehemu babu yako hakusoma hesabu ya shule, lakini Ramadhani nzima alikaa ukumbini akipanga kokwa za tende, mafungu mawili mawili, matatu matatu, mpaka kumi kumi, hadi akapata nambari isiyobakisha kokwa hata moja. Alitaka wawe watu wawili au wawe kumi, pasiwe na mmoja wa kusema amezidishiwa kazi. 2,520. Tangu hapo haijabadilika.

Mwaka huu tuko tisa wa kushona: babako, mamako, mimi, Fahmi, Ishaq, mkewe na wale wasichana watatu. Na Fadhiya, wa kumi. Nakuuliza bila kuzunguka: na wewe unataka fungu lako? Au kichwa chako kile kikubwa, ambacho kofia za dukani zote zilikikataa, kimekwisha kutusahau?

Shangazi yako,
Mwanakuu


Kitale
9 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Naubusu mkono wako, na goti nalo nalisalimia. Barua yako ilikaa wiki mbili katika sanduku la shule chini ya risiti za chaki, ndiyo maana nimechelewa. Mimi mzima. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaamini aljebra ilibuniwa ili kuwatesa wao. Mpe Fahmi pongezi zangu. Mwambie nilimjua akiwa anaogopa paka.

Mke wangu Priscah anakusalimu. Anafanya kazi katika zahanati hapa karibu, zamu ndefu, lakini hajambo.

Shangazi, umeniandikia mistari mitatu juu ya goti lako na sentensi mbili fupi juu ya baba. "Babako mzima. Yuko dukani." Nakujua. Kuna nini?

Nalitaka fungu langu. Nimelitaka tangu siku ile na sikujua nilitakeje. Lakini umepiga hesabu kabla ya kuniuliza? Tisa na Fadhiya ni kumi, nikiingia mimi ni kumi na mmoja, na 2,520 ndiyo nambari ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila nambari kuanzia moja hadi kumi. Kumi na moja haimo. Ukiigawa, kila mtu anapata 229, na kimoja kinabaki. Kiua kimoja tu, hakina mwenyewe. Kama umenialika ukijua hivyo, basi umenialika mahali pasipo na kiti.

Mwanao,
Zaki


Kibokoni
27 Februari 2025

Mwanangu Zaki,

Assalamu alaykum. Mwezi unaandama kesho au keshokutwa, na nyumba nzima inanuka iliki kwa sababu mamako anataka kumaliza kusaga viungo vyote leo. Tunakutakia Ramadhani njema. Mwenzako naye msalimie.

Wallahi sikupiga hesabu. Kazi yangu ni kuhesabu viua na kutia uzi mwekundu panapoishia fungu la kila mtu, lakini siku zote tumekuwa kumi au chini yake, na sikuwahi kufikiria kuna nambari ambayo 2,520 ingeikataa. Nilidhani inakubali watu wote. Ndivyo tulivyolelewa kuamini.

Barua yako niliipeleka dukani nikamwekea babako juu ya kitambaa. Alasiri akanirudishia, imekunjwa vizuri, na hapo ndipo nikamuuliza: "Haya, Jamaldin, na Zaki je?"

Akasema: "Wako kumi. Nambari haimtaki wa kumi na moja."

Nikamwambia: "Nambari haimtaki, au weye humtaki?"

Akasema: "Miye ni mchoraji tu. Sikuibuni miye hiyo nambari."

Sikukuficha, umeona. Nimekuandikia neno kwa neno, na nililia njia nzima kutoka Ndia Kuu hadi nyumbani, mpaka muuza mkate wa mofa akanipa mmoja bure akidhani nimefiwa. Ulichouliza kuhusu babako, amechoka kidogo. Umri.

Shangazi yako,
Mwanakuu


Kitale
6 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Eid Mubarak, na Mungu azikubali saumu zenu. Huku tulisali uwanjani, watu wachache, mvua ikatunyeshea katikati ya hotuba. Priscah alipika pilau kwa maelekezo niliyokuwa nikiyakumbuka kutoka jikoni kwa mama. Ilikuwa pilau kwa rangi. Tuliila yote.

Jina lake ni Priscah. Katika barua mbili hukuliandika hata mara moja. Barua ya kwanza hukumtaja kabisa, ya pili ukamwita "mwenzako". Siku ile ya simu ulimwita "yule mtu wako wa Kaloleni", na ukasema nyumba yenu haina nafasi. Sikukasirika kwa ajili yangu, Shangazi. Yeye alikuwa amekaa kando yangu na simu ilikuwa na sauti kubwa.

Nimekaa na maneno ya baba mwezi mzima. Mtu wa hesabu akiambiwa nambari haimtaki, hulala nayo. Nayo sasa nimeielewa, na naomba umsomee sehemu hii kwa sauti.

Ni kweli, kumi na moja haigawi 2,520. Nikija peke yangu siingii. Lakini mimi siko peke yangu. Tisa, na Fadhiya, na mimi, na Priscah, ni kumi na wawili. Gawa kwa kumi na mbili. Kila mtu anapata viua 210, na hakibaki hata kimoja. Babu hakufika kumi na mbili na kokwa zake, maana nyumba yake haikuwa na watu hao, lakini nambari yake ilikwisha kufika ikimngoja. Na wala Priscah hatawaharibia kitambaa. Kila siku anashona watu waliopasuka vichwa kwa pikipiki, na wakipona hata alama huioni.

Kwa hiyo si nambari inayokataa. Naomba baba asiitwike lawama.

Na jambo la mwisho, ambalo nilipaswa kulisema miaka miwili iliyopita. Sikuoa kimya kimya kwa sababu ya dharau. Niliogopa. Nilijiambia nikimwambia baba atasema la, na akisema la nitakuwa nimemwasi, basi bora nisimuulize. Nilimkosea. Nilimnyima nafasi ya kusema ndiyo.

Mwanao,
Zaki


Kibokoni
18 Mei 2025

Mwanangu Zaki,

Assalamu alaykum. Sote tupo. Mamako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo zamani lilikuwa halimsumbui, basi hatupumziki. Nimechelewa kukujibu, na sababu utaiona.

Nilimsomea babako barua yako, yote, kwa sauti, mlango wa duka tumeurudisha. Nilipofika pale pa "nilimnyima nafasi ya kusema ndiyo" aliichukua karatasi akamaliza kuisoma mwenyewe. Kisha akashika penseli akaendelea kuchora. Nikangoja. Hakusema neno, wala siku ile, wala wiki ile. Nikakasirika nikaacha kumpelekea chai.

Sasa sikiliza. Nilikudanganya juu ya babako na nakuomba radhi. Mwezi wa Disemba alianguka dukani. Upande wa kulia ukafa ganzi. Daktari akasema ni kiharusi kidogo, tumshukuru Mungu, atapona. Amepona, anatembea, ila mkono wa kuchorea unatetema, na yeye mwenyewe alikataza usiambiwe. Alisema usije ukarudi kwa kumhurumia.

Nakwambia leo kwa sababu ninaogopa, na mamako hawezi kuambiwa, na Fahmi ana harusi. Zaki, babako amekosea.

Jumatatu alinipa kitambaa nikitie nyuzi za mafungu. Nikahesabu. 2,519. Nikafikiri ni macho yangu, nikahesabu tena Jumanne asubuhi, kila mia nikitia uzi wa rangi. 2,519. Mara ya tatu nikamwita binti mkubwa wa Ishaq, akahesabu yeye, kimya kimya. Hivyo hivyo. Katika miaka arubaini na minne babako hajapunguza kiua kimoja, na sasa kimepungua.

Nikajaribu kuigawa, labda kuna njia. Kwa kumi, inapungua moja. Kwa tisa, inapungua moja. Kwa nane, kwa saba, kwa sita, mpaka kwa mbili, kila nikigawa inapungua moja tu. Nikajaribu hata ile kumi na mbili yako. Inapungua moja. Ni kama kupanga watu kwa swala na kila safu ukiiangalia kuna pengo la mtu mmoja. Usiku siupati usingizi kwa ajili ya hiyo nambari.

Na si hilo tu. Fahmi alijaribisha ule mshipi wa pembeni wa kofia kichwani, ukamfunika masikio. Hata kipimo cha mwanawe amekisahau! Nilipomwambia babako ni kubwa mno, akasema: "Wacha maneno, Mwanakuu. Shoneni."

Sikumwambia kuhusu kile kiua. Nitamwambia vipi? Mtu ambaye kazi yake yote ni hiyo. Nimefikiri nichore mwenyewe kimoja pembeni, kwa siri, itimie. Penseli ninayo hapa. Niambie nifanyeje.

Shangazi yako,
Mwanakuu


Kitale
26 Mei 2025

Shangazi yangu,

Waalaykumu salaam. Usichore kitu! Weka hiyo penseli chini kwanza, ndipo usome.

Barua yako imefika leo na ninaituma hii leo hii kwa dereva wa basi la jioni, si kwa posta. Habari ya baba imenivunja, na nikiwa na wewe hapo ningekugombeza, shangazi au si shangazi. Miezi mitano! Lakini hayo tutayamaliza uso kwa uso.

Umeigawa nambari kwa kumi, na tisa, na nane, ukashuka mpaka mbili. Kisha ukaruka ukajaribu kumi na mbili. Kuna moja umeiruka, kwa sababu nyumba nzima tumezoea kwamba hiyo haigawi kitu.

Gawa kwa kumi na moja.

Nimeifanya mara nne ubaoni darasani, wanafunzi wamekwisha kutoka. Kumi na moja mara mia mbili ishirini na tisa ni elfu mbili mia tano na kumi na tisa. Haibaki hata moja. Haipungui hata moja. Na hiyo 229 yenyewe haigawanyiki tena kwa chochote. Nambari hii, Shangazi, haikubali watu kumi, wala tisa, wala kumi na wawili. Inakubali kumi na mmoja tu. (Inakubali na watu 229, lakini nyumba yetu haijafika huko.)

Sasa hesabu watu. Nyinyi tisa. Usimtie Fadhiya. Nitakwambia kwa nini: hiyo kofia si ya Fahmi. Kachukue utepe wako wa inchi uupime ule mshipi. Ukikuta ishirini na tatu, jiulize ni kichwa gani nyumbani kwetu mlichokuwa mkikiita sufuria ya harusi.

Tisa, na bwana harusi, na bibi harusi wake.

Mimi ndiye niliyeandika katika barua ya Februari kwamba kila mtu angepata 229 na kimoja kingebaki. Uliiweka juu ya kitambaa chake. Aliisoma.

Sijui niandike nini tena. Priscah ananiuliza mbona nimekaa na chaki mkononi nalia, na nimeshindwa kumweleza kwa mpango. Nenda kamuulize baba. Mimi nikikosea hapa, sitaki kufundisha hesabu tena.

Mwanao,
Zaki


Kibokoni
14 Juni 2025

Wanangu Zaki na Priscah,

Assalamu alaykum, na Priscah mwanangu, nakusalimu kwa namna mnavyosalimiana kwenu na kwa namna tunavyosalimiana kwetu. Siku ya simu nilisema neno ambalo halikustahili kusemwa wala kusikiwa. Nisamehe. Sitaki lipite hivi hivi ndani ya barua ya furaha, ndiyo maana nimelitanguliza.

Sisi hatujambo. Mamako, Zaki, ameshaambiwa yote, akalia, akacheka, kisha akaanza kupanga nani atalala wapi mwezi wa Agosti. Goti langu limepona siku mbili kisha likarudia.

Niliupima mshipi. Ishirini na tatu. Mimi niliyekucheka kichwa tangu unatambaa, sikukiona kilipowekwa mbele yangu. Nikashika kitambaa nikaenda dukani, nikasimama mlangoni na chai kama mgeni, kwa sababu nilikuwa bado nina aibu ya kumnyima.

Nikamwambia: "Jamaldin, hivi viua ni elfu mbili mia tano na kumi na tisa."

Akasema: "Najua."

"Umesahau kimoja?"

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu Ramadhani. Akasema: "Yule mwalimu aliandika kimoja chabaki. Nimekitoa."

Nikamuuliza mbona hakusema, mbona aliniacha nikeshe na penseli. Akasema alitaka Zaki aione mwenyewe. Akasema pia, na hili aliniambia akitazama nje: "Alinipitia mbali, Mwanakuu. Mwanangu wa kwanza, akaoa kichwa kitupu. Nilikuwa nshamnunulia kitambaa tangu yuwasoma chuo." Hicho hicho ndicho kitambaa. Kilikuwa kimekaa kabatini miaka tisa, na mikunjo haijatoka kwa pasi.

Ya Fahmi imo kabatini pia, tayari imechorwa. Hiyo ni 2,520, nimehesabu. Nilimuuliza ya watu wangapi, akanijibu kana kwamba nimeuliza ya kitoto: "Kumi na wawili. Si alishasema?"

Basi kazi ni hii. Kofia yako, Zaki, tumeanza kuishona sisi tisa, na mafungu yetu yamekwisha, maana nimewashikia watu kiboko. Nimekituma kitambaa kwa basi ndani ya bahasha ya khaki. Mafungu mawili yamebaki, 229 na 229, nimeyawekea mpaka wa uzi mwekundu. La Priscah ni la duara la juu, ambalo huonekana kwanza. Sindano namba tisa na uzi vimo ndani. Zunguka kila tobo mara kumi na mbili, mwanangu, usikaze sana. Kama unashona watu, kitambaa hakitakushinda, na kikikushinda tutafumua pamoja ukija. Irudi kabla ya mwisho wa Julai, nipate kuifua na kuitia wanga, maana Zaki ataivaa siku ya nikaha ya nduguye.

Jambo moja la mwisho. Nilipomaliza kufunga bahasha nilishika kalamu niandike jina la mpokeaji, babako akaniambia nimpe yeye. Nikamwambia mkono wako, Jamaldin. Akanyoosha tu kiganja, nikampa. Alichukua muda mrefu sana, wateja wawili wakaingia na kutoka. Kwa hiyo msishangae mwandiko, herufi zimepinda na ile S imeanguka chini ya mstari. Ameandika "Priscah", na chini yake, "mke wa mwanangu".

Nawangoja,
Shangazi yenu Mwanakuu